Mgonjwa Asisubiri Matokeo Ndipo Aombe Kuahirisha Mtihani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kosa ambalo wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hulitambua wakiwa wamechelewa. Muhula uliopita mwenzangu aliingia katika chumba cha mtihani akiwa na plasta ya dripu mkononi, akiamini kwamba kuomba kuahirisha mtihani ni kuomba huruma. Alifeli, na alipokata rufaa aliambiwa kwamba kwa kuketi na kuufanya mtihani huo alikuwa amekiri mwenyewe kuwa yu mzima.

Utaratibu wa kuomba kuahirisha mtihani hupatikana katika vyuo vingi, nao huandikwa katika kanuni za mitihani ambazo, tukubali, hatuzisomi mpaka yatufike. Anayeugua, anayeuguza au aliyefiwa anapaswa kuandika mapema, hata kwa barua pepe fupi kwa mkuu wa idara, kisha vielelezo vifuate. Cheti cha daktari kionyeshe tarehe zinazogusa siku yenyewe ya mtihani, kwani maneno "alitibiwa hapa" peke yake hayasaidii, na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ibaki mikononi mwa mwombaji.

Hata hivyo, lawama si za wanafunzi pekee. Kumtaka mtu aliyezika juzi alete cheti cha kifo ndani ya siku chache, hali cheti chenyewe hakijatoka, ni kumnyima haki yake kwa kalamu. Ofisi za masomo zingeweza kulipokea ombi kwa masharti, na kumpa muda wa kukamilisha nyaraka.

Wako,
Mwanafunzi wa mwaka wa 3