Walinda amani waliondoka, simu za vijijini zikakosa wa kuzipokea

Mhariri,

Msomaji aliyeandika katika toleo lenu lililopita kwamba walinda amani wa Umoja wa Mataifa ni watalii wanaolipwa kutazama vita vyetu amesema jambo linalosemwa kila siku sokoni Kadutu, na sina nia ya kumpinga kwa kila neno. Tarehe 2 Juni 2004 Bukavu, mji wetu wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, iliangukia mikononi mwa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi, maofisa wa jeshi walioasi, huku askari wa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini, wakiwa humu humu mjini, na tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, mbele ya macho ya warithi wao, MONUSCO. Hasira ya watu ina sababu. Ninalolikataa ni hitimisho lake, kwamba kwa kuwa hawakuzuia miji kutekwa, kuondoka kwao Kivu Kusini hakukutupunguzia kitu.

Nionavyo mimi, tunawapima kwa vita vya mijini na kusahau kazi iliyokuwa ikifanyika vijijini. Novemba 2008, huko Kiwanja katika wilaya ya Rutshuru, Kivu Kaskazini, watu wapatao 150 waliuawa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kambi ya walinda amani. Baada ya aibu hiyo ndipo Wakongomani walipoanza kuajiriwa kama wasaidizi wa mawasiliano, wakakaa katika kambi za askari, wakawa wanazunguka vijijini, wanaongea na watu kwa lugha zao na kuacha namba za simu. Katika kila kijiji walichaguliwa watu wa kutoa taarifa: mkuu wa kijiji, muuguzi wa kituo cha afya, kiongozi wa vijana, wakati mwingine mama muuza unga, ambaye kwa kweli ndiye hujua mapema kuliko wote nani amepita njiani.

Katika bonde la Ruzizi, nilikofundisha kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Bukavu, jirani yangu alikuwa mmoja wa watu hao. Simu yake ilikuwa ya vibonyezo, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na chaji ilipopungua aliipeleka kwa kinyozi mwenye paneli ya jua kabla hata ya kunywa chai. Wageni wenye bunduki walipoonekana, au ng'ombe walipoibwa (na katika bonde lile wizi wa ng'ombe huzaa mazishi upesi sana), alipiga simu, akaulizwa ni wangapi, wana silaha gani, wanaelekea upande gani, na nani mwingine amewaona. Mara nyingi jibu lilikuwa gari la doria kupita barabarani usiku taa zikiwaka, basi. Mara nyingi hilo lilitosha, kwa maana mwizi mwenye bunduki hapendi kuonekana.

Lakini halikutosha siku zote. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, kijijini Mutarule katika bonde hilo hilo, watu zaidi ya 30 waliuawa, wengine wakiwa katika ibada, na walinda amani waliokuwa umbali wa kilomita zipatazo tisa hawakuja kuwazuia wauaji ingawa wakaaji waliwapigia simu. Taarifa ilifika, kilichokosekana ni amri. Mkuu wa kambi hupokea maagizo ya jenerali wa kikosi, lakini sikio lake jingine liko kwa serikali ya nchi yake, isiyotaka kurudishiwa majeneza. Tena kisingizio cha kisheria kilikuwapo tangu mwanzo wa kikosi, kwa sababu azimio namba 1291 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la mwaka 2000 liliruhusu kuwalinda raia mahali ambapo kikosi chenyewe kingeona kwamba kina uwezo wa kufanya hivyo. Mwenye ruhusa ya kujipimia uwezo wake mwenyewe, usiku na gizani, atajiona dhaifu.

Mwaka 2013 Baraza la Usalama liliamua kusema waziwazi. Azimio namba 2098 liliunda brigedi ya askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikaamriwa kupigana, na kabla ya mwaka kwisha M23 walikuwa wameshindwa. Najua kwamba jeshi letu lilipigana vizuri wakati huo, na kwamba wafadhili walikuwa wameibana Kigali, yaani serikali ya Rwanda iliyoshutumiwa kuwasaidia M23, kwa kuikatia misaada. Hata hivyo, kofia zilikuwa za buluu zile zile. Agizo ndilo lililobadilika.

Kuondoka kwao kulitakiwa na Serikali yetu wenyewe, na Baraza likakubali kwa azimio namba 2717 la Desemba 2023. Kambi ya Kamanyola ilikabidhiwa kwa polisi tarehe 28 Februari 2024, na kufikia mwisho wa Juni shughuli zote za Kivu Kusini zilikuwa zimefungwa. Kalenda iliheshimiwa kwa uaminifu ambao ningependa kuuona katika malipo ya mishahara ya walimu. Yalikabidhiwa majengo, uzio na funguo. Namba aliyokuwa akiipiga jirani yangu haikukabidhiwa kwa mtu yeyote.

Sidai kwamba kama wangebaki, Bukavu isingetekwa na M23 Februari 2025. Goma, ambako walikuwa bado wapo, ilitekwa wiki tatu hivi kabla yetu. Tofauti ni kwamba huko askari na polisi waliosalimisha silaha walipata lango la kubisha. Walihifadhiwa katika kambi za MONUSCO pamoja na familia zao, hadi Shirika la Msalaba Mwekundu lilipoanza kuwasindikiza kwenda Kinshasa mwishoni mwa Aprili 2025. Hapa Bukavu hapakuwa na lango. Katika nchi iliyokaliwa na jeshi la mwingine, simwombi mlinda amani amfukuze mvamizi, maana hiyo ni kazi ya Serikali na ya mataifa yanayoweza kumbana. Namwomba awe kimbilio na awe shahidi.

Sasa, tangu tamko la kanuni ambalo Serikali na M23 walilitia saini Doha, Qatar, tarehe 19 Julai 2025, kunazungumzwa habari za kusimamia usitishaji wa mapigano. Atakayekuja kuusimamia, kwa kofia ya rangi yoyote, asipange hotelini mjini akingoja ripoti zimfikie. Akae Kamanyola, Luvungi, Bunyakiri, mahali barabara zinapokatwa. Taarifa za simu alizopokea kila mwezi, ngapi alizijibu na ngapi hakuzijibu na kwa nini, zisomwe kwa Kiswahili kwenye Redio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini. Na askari atakayembaka au kumnunua msichana wetu kwa biskuti ashtakiwe mbele ya watu aliowakosea, maana utaratibu wa sasa unaiachia nchi yake pekee haki ya kumhukumu, na wengi wetu hatujawahi kusikia hukumu ilikuwa nini.

Kuna jambo moja lisiloweza kungoja mazungumzo yoyote. Watu wa kutoa taarifa waliandikwa majina, namba na vijiji vyao, na wengi wao leo wanaishi chini ya utawala wa waasi ambao zamani walikuwa wakiwaripoti. Orodha hizo ziko wapi? Kama zilichukuliwa na MONUSCO, iseme zinatunzwa vipi. Kama zilikabidhiwa kwa ofisi za Serikali zilizotekwa pamoja na mji, waliomo waambiwe kimyakimya, kupitia mapadri, wachungaji au ndugu zao, ili kila mmoja aamue mapema kama atabaki au atahama.

Mwalimu mstaafu,
Bukavu