Barua ya wazi kwa Gavana Newsom: Padri Serra mmemtoa, sasa ya kwenu mtayaandika wapi?

Mheshimiwa Gavana wa California, Gavin Newsom,

Shikamoo. Nasikia wewe ni wa 1967, umenizidi kidogo, kwahiyo ni haki yako. Nakuandikia kwa Kiswahili kwasababu Kiingereza changu kinatosha kazini na hospitali, ila cha kugombana sina, na leo nimekuja kugombana kidogo. Ofisi yako haikosi mtu wa kutafsiri, na wenzangu ninaosali nao hapa Sacramento watasoma wenyewe, maana ndio walionichokoza.

Ilivyoanza ni hivi. Kwenye grupu letu la WhatsApp la jumuiya mtu alirusha picha ya ile sanamu mpya ya Capitol Park, bustani ya jengo la bunge la jimbo, ya mzee William Franklin, Mmiwok, mwenyeji wa asili aliyehangaika ngoma za kwao zisife, mliyoizindua Novemba 2023. Sanamu nzuri, nimeenda kuiona kwa macho yangu, nilikuta mama mmoja anaifuta vumbi na kitambaa chake kama anamfuta mtoto. Basi kwenye grupu mmoja akaandika "hapo alikuwepo mtakatifu wetu", yaani Padri Serra, mwingine akajibu "mtakatifu wa viboko", ikawa vita mpaka saa nane usiku, watu wanatumiana sauti za dakika nne nne, admini akaona isiwe tabu akafunga grupu. Asubuhi nikasema hapana, hii kesi sio ya kutugombanisha sisi wageni, ina mwenyewe.

Kwa wa nyumbani mtakaosoma: Padri Junípero Serra alikuwa Mfransisko wa kisiwa cha Mallorca, alifika California 1769 pamoja na wanajeshi wa mfalme wa Hispania, akaanzia San Diego, na mpaka anafariki 1784 alikuwa ameanzisha misheni 9 katika zile 21 zilizokuja kujengwa pwani hii. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu Septemba 2015 palepale Washington, na haikuisha wiki sanamu yake ya Carmel, alikozikwa, ikaangushwa na kumwagiwa rangi. Ikaja 2020 baada ya Mmarekani mweusi George Floyd kuuawa na polisi, mwezi wa sita wakamwangusha San Francisco na Los Angeles, Julai 4 usiku hapa kwetu Sacramento, palepale Capitol Park, mwezi wa kumi San Rafael. Hiyo ya San Rafael ilinipa shida, maana ile misheni imeanzishwa 1817, padri mwenyewe yuko kaburini miaka 33.

Sasa usije ukadhani nimekuja kumtetea padri. Binti yangu alipokuwa darasa la nne alipewa ile kazi ambayo watoto wa California wamepewa miaka na miaka, kutengeneza misheni ya maboksi. Tulikaa mezani wikiendi nzima, kuta za boksi la siriali, vigae vya paa tukavitengeneza kwa tambi pana za lazanya tukazipaka rangi ya udongo, kengele ikawa kizibo. Akapanga vitu vyake, padri mlangoni, ng'ombe, wenyeji wamepiga foleni kwenye bustani ya mahindi. Alafu akauliza hawa wanalala wapi. Tukatafuta, tukakuta wasichana ambao hawajaolewa walikuwa wanafungiwa usiku kwenye chumba chao, na aliyebatizwa hakuruhusiwa kuondoka kurudi kwao, akitoroka anafuatwa na wanajeshi analetwa, anachapwa. Mtoto akaniuliza, "Baba, ufunguo anakaa nao nani?" Nilimwambia amalizie kupaka rangi. Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka tisa ambaye Jumapili nampeleka kanisani.

Na mimi hayo sikuyasoma kama mgeni. Nimezaliwa Bagamoyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika kwetu 1868, wakawa wanawanunua watumwa ili wawaweke huru, wakawajengea kijiji palepale misheni, na humohumo kwenye uhuru kukawa na kengele ya kuamka, kengele ya shamba, kengele ya sala, na sheria za padri. Kwahiyo mtu akiniambia mkono mmoja unaweza kukukomboa na kukushikia fimbo, mimi sibishi. Serra ndio huyohuyo. Mwaka 1773 alikuwa Mexico City, na kidonda chake cha mguu ambacho hakikupona maisha yake yote, kumshitakia mwakilishi wa mfalme, Bucareli, unyama wa wanajeshi kwa wenyeji. Na 1780 akamwandikia gavana Felipe de Neve kutetea viboko, kwamba mapadri kuwachapa wenyeji kama baba anavyochapa wanae ni jambo la tangu zamani. Yote mawili ni barua yake, mwandiko wake. Wenzangu wa grupu kila mmoja amebeba barua moja na kuikimbia nyingine.

Haya, tuje kwako. Mwaka 2021 ulisaini sheria AB 338, ya mheshimiwa James Ramos, mwenyeji wa asili wa California wa kwanza kuchaguliwa kwenye bunge la hapa. Kumtoa padri kwenye uwanja wa serikali na kumweka mwenyeji wa ardhi hiyo, hilo nimelipokea na wala halinikoseshi usingizi. Ila maelezo ya ile sheria yamesema utumwa wa wakubwa na watoto, kukatwa viungo, mauaji ya kimbari na kudhalilisha wanawake vyote vilikuwa sehemu ya kipindi cha misheni kilichoanzishwa na kusimamiwa na Padri Serra. Maaskofu wakuu wa Los Angeles na San Francisco wakaja juu gazetini, wakasema anasingiziwa. Mimi siwezi kubeba hoja zao zote, mauti kwenye zile misheni yalikuwa makubwa, surua na kaswende na kubanana vilimaliza watu. Lakini neno mauaji ya kimbari limenikaa kooni, kwasababu wewe ulishalisema kabla, na hukulisema juu ya padri.

Juni 2019 ulisimama mbele ya viongozi wa makabila ukaomba radhi kwa niaba ya jimbo, ukasema yaliyotendeka yaitwe kwa jina lake, mauaji ya kimbari. Nilikuheshimu sana siku ile. Ulikuwa unaongelea serikali, kiti hichohicho unachokalia. Gavana wa kwanza, Peter Burnett, Januari 1851 aliliambia bunge kwamba vita ya kuwafuta wenyeji itaendelea mpaka waishe. Sheria ya 1850 iliruhusu mwenyeji akikamatwa kwa uzururaji anadiwe, mzungu mwenye dau kubwa anamchukua kumfanyisha kazi, na watoto wao waligawiwa kwa wazungu kama vijakazi. Wanamgambo wa kuwawinda walilipwa na jimbo, zaidi ya dola milioni moja, pesa ya zamani hiyo. Wenyeji walikuwa kama 300,000 Wahispania walipofika, wakabaki kama 150,000 mwaka 1846, alafu kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1870 wamebaki 30,000 hivi. Hiyo nusu ya kwanza Kanisa letu na Hispania na Mexico waijibie, sikatai, nipo tayari kukaa nao kwenye benchi hilo. Hii ya pili padri alikuwa mfupa, kafa 1784, jimbo lenu limezaliwa 1850.

Unaona inavyokuja? Ya padri mmeyaandika kwenye sheria kwa jina lake. Ya Burnett yakaishia kwenye mdomo wako na amri yako ya gavana, na baraza la kutafuta ukweli. Na hii tabia haiko kwako peke yako, chuo cha Stanford 2018 kiliamua kulitoa jina la Serra kwenye barabara yao kubwa, sawa, wakaiita kwa jina la Jane Stanford, mke wa Leland Stanford, walioanzisha chuo pamoja, na huyo Leland akiwa gavana wa California alisaini pesa za misafara ya kuwaua wenyeji. Yaani umemtoa shemeji umemkaribisha baba mwenye nyumba.

Alafu kuna kituko cha Washington. Kwenye jengo la Bunge la Marekani kila jimbo lina sanamu mbili, na California tangu 1931 mojawapo ni Serra, kanyanyua msalaba, mwenzake siku hizi ni rais wa zamani Reagan. Hapa mmemkana kwa sheria, kule bado anawawakilisha! Mwaka 2015 ilijaribiwa kumbadilisha na mwanaanga Sally Ride, ikaishia njiani. Mheshimiwa, huyu mtu ni wenu au sio wenu?

Na kufanya vizuri inawezekana, sio mbali, ni Ventura, mjini kwenye misheni ya tisa na ya mwisho ya Serra. Juni 2020 meya, paroko wa misheni na kiongozi wa Wachumash, wenyeji wa asili wa pale, waliandika barua moja, wakaiweka sahihi wote watatu, kwamba ile sanamu iondoke mbele ya ofisi za mji. Baraza likapiga kura, mwezi wa saba ikabebwa kwa mashine ikaondoka. Hakuna aliyechoma uso wa sanamu usiku.

Ninachoomba ni kibao. Pale Capitol Park, karibu na mzee Franklin, chuma cha kawaida, kiandikwe viboko vya misheni na jina la Serra, na chini yake, herufi za ukubwa uleule, maneno ya Burnett ya 1851 na kiasi cha pesa jimbo lililotoa, na sheria ya 1850 kwa jina lake. Maneno wapewe Wamiwok na makabila mengine wayasome kwanza kabla hayajachongwa. La Washington amueni moja, mkimtoa ongeeni na watu wa Ventura. Wewe umesoma Santa Clara, chuo cha Wajesuiti, misheni ya nane ya Serra ipo katikati ya chuo, umepita mbele yake ukienda darasani, haya sio mambo ya kuelezwa na dereva kutoka Bagamoyo.

Ukikiweka kabla muda wako haujaisha nitaenda kukipiga picha nirushe kwenye grupu. Admini ameshafungua, ila kasema sauti mwisho dakika moja.

Wako mkazi wa Sacramento,
Baba wa yule binti wa maboksi