Mava mawili ya Kulubnarti

Zuhura mpenzi,

Hatujambo sote. Mamangu anakusalimu, na anauliza mbuzi yake ya kukunia nazi utairudisha lini.

Wakumbuka siku ya harusi mjomba wako aliposema ufukara wa watu wengine "umo damuni", ukasusa hata biriani? Nimekupatia jibu lake. Limetoka mbali, Kulubnarti, kaskazini mwa Sudani, pale Nile inapopenya majabali ya Batn el-Hajar, yaani Tumbo la Mawe. Baina ya mwaka 650 na 1000 hivi, Wanubi wa huko walikuwa Wakristo na walizika kwenye mava mawili: moja kisiwani, jingine bara. Yakaja kufukuliwa 1979.

Mifupa ya kisiwani inatia huruma. Waliolala pale walikufa mapema kuliko wenzao wa bara, watoto tele. Ukitazama fuvu, juu ndani ya tundu la jicho mfupa una vitobo vitobo kama andazi lililoumuka; ni alama ya damu kupungua na maradhi ya utotoni. Sasa, hawa walikuwa kabila jingine? Wageni?

Mwaka 2021 Kendra Sirak, mtafiti wa DNA ya kale, na wenzake walichapisha DNA ya watu 66 wa mava hayo. Joto la kule huimaliza DNA, lakini mifupa ya ndani ya sikio ni migumu na huitunza. Basi wakaona nini? Watu ni wale wale! Kwa wastani asilimia 43 ya asili yao ni ya Kinailoti, iliyobaki ina mizizi Mashariki ya Kati na huenda ilipitia Misri, kisiwani na bara sawasawa. Wapo hata jamaa wa damu, huyu kazikwa huku, yule kule. Aliyewatenga hakuwa na damu ya kusingizia.

Kuna jingine. Ile asili ya nje iliingia Kulubnarti zaidi kwa upande wa wanawake. Kwetu pwani ni kinyume: DNA ya mifupa ya Mtwapa na Manda, iliyotoka 2023, inaonyesha Uajemi uliletwa hasa na wanaume, na kina mama wengi mno walikuwa Waafrika.

Hilo la pili usimwambie mjomba na Ushirazi wake mpaka nije Idi. Nataka niwepo.

Wako,
Mwanakombo