Mama Nuru, kiwanja kisiuzwe kwanza

Columbus, Ohio

Shoga yangu Mama Nuru,

Hujambo wewe? Nuru na baba yake hawajambo? Sisi huku wazima, ni baridi tu inayotusumbua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikaurudia. Nimeelewa kwamba umechoka na ofisi ya halmashauri, kila siku semina na ripoti za robo mwaka, na sasa unataka kuja kusomea lishe ya hospitali, na kwamba baba Nuru amekubali kile kiwanja cha Kihonda kiuzwe. Kiwanja kisiuzwe kwanza. Nisome mpaka mwisho, halafu mkae mzungumze.

Huyo aliyekuambia digrii moja inatosha alisoma zamani. Tangu tarehe 1 Januari 2024, tume inayosajili wataalamu wa lishe Marekani, CDR, haimruhusu mtu kufanya mtihani wa usajili bila shahada ya uzamili. Masta yenyewe inaweza kuwa ya fani nyingine, lakini masomo ya lishe na fildi lazima uyapate kwenye programu iliyoidhinishwa na ACEND, chombo kinachokagua vyuo vinavyofundisha kazi hii, na fildi hiyo haipungui saa 1,000. Digrii yako ya SUA, chuo chetu cha Sokoine, itapelekwa kwanza kwenye kampuni ya kulinganisha vyeti vya nje. Wataitambua, lakini usitegemee kozi zako zote zikubaliwe. Ndiyo maana wengi tuliotoka nje tunatafuta programu ya uzamili iliyounganisha darasa na fildi, tusije tukamaliza masomo halafu tukaanza kuzunguka na bahasha kutafuta hospitali ya kutupokea.

Na fildi hiyo, dada, kwa kawaida hulipwi. Unalipa ada wewe, unaamka alfajiri wewe, nauli yako.

Sasa nikuambie kitu nilichokipenda, maana najua ndicho unachokitaka. Ni wodi ya wagonjwa mahututi. Pale mtaalamu wa lishe hagawi vipeperushi. Anaingia na timu kwenye mzunguko wa asubuhi, anasimama na daktari, mfamasia na muuguzi, na daktari akimgeukia anataka namba: mgonjwa huyu apewe maziwa gani kwa mpira wa kulishia, mililita ngapi kwa saa, tuanze na ngapi. Kuna dawa ya usingizi inaitwa propofol, nyeupe, wanamwekea aliye kwenye mashine ya kupumulia. Ile dawa imetengenezwa ndani ya mafuta, na kila mililita ina kalori 1.1. Ikiingia mililita 20 kwa saa, kwa siku nzima mgonjwa amepata kalori 528 kabla hujampa tone la chakula. Kama ulimpangia 2,000, zaidi ya robo imeshaingia kwa dripu. Usipoitoa kwenye hesabu unamzidishia mafuta. Wakipunguza dawa jioni, kesho unarudia hesabu upya. Mimi na wewe tulivyokuwa tunagombania kikokotoo pale chuoni Mazimbu, ungefurahi.

Halafu kuna jambo lililonifanya nikukumbuke kabisa. Aliletwa mzee mmoja aliyekuwa anaishi peke yake, amekaa muda mrefu hali chochote cha maana zaidi ya pombe. Wenzangu darasani walikuwa wamesoma vitabuni kwamba mtu aliyekaa na njaa ukimjazia chakula ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu kwenye damu vinaporomoka na moyo unaweza kusimama. Wamekariri vizuri kuliko mimi. Lakini mimi nimekaa wodi ya watoto wenye utapiamlo mkali, na wewe pia. Tunajua kwa nini mtoto wa kwashakoo haanzi na F-100, maziwa ya tiba yenye nguvu zaidi, anaanza na F-75 iliyo nyepesi, kidogo kidogo, usiku na mchana, hata mama yake akilalamika kwamba mwanangu ana njaa mnambania. Msimamizi wangu aliponiuliza tuanzeje, nilisema tuanze chini, tumpe thiamini (vitamini B1) kwanza, na damu ipimwe kila siku. Akaniuliza nimejifunzia wapi. Karatasi zako za SUA watazikata kozi, lakini hiki hakuna kampuni ya vyeti inayoweza kukipunguza.

Kinachochosha ni kuandika. Kila mgonjwa ana maelezo yake kwa mpangilio maalumu: tathmini, tatizo la lishe, hatua, ufuatiliaji. Lile tatizo lazima liandikwe kwa sentensi moja inayotaja tatizo, chanzo chake na dalili zinazolithibitisha. Huwezi kuandika tu “hali chakula vizuri”. Hali chakula vizuri kwa nini, na umejuaje? Mwanzoni nililiona kama urasimu. Sasa nadhani ndicho kitu bora nilichopewa huku, na kama ningekuwa na uwezo ningekipeleka kwenye kila kliniki ya mama na mtoto Morogoro. Wewe unaweza kuanza nacho kesho bila viza.

Jikoni nitapita haraka, maana sikupapenda. Kofia ya nywele, kipimajoto mkononi, chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 57, cha baridi kisipande juu ya 5, na trei za wagonjwa zikipita mbele yako kwenye mkanda. Lakini usidharau. Chama cha wataalamu hawa kilizaliwa hapa hapa Ohio, Cleveland, mwaka 1917 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Walioongoza ni wanawake wawili, Lenna Cooper na Lulu Graves, na kazi waliyokuwa nayo mikononi ilikuwa ni chakula cha hospitali na cha wakati wa vita. Mpaka leo usimamizi na jiko ni kama theluthi ya mtihani wa usajili, na ndipo wajuaji wa wodini wanapoangukia.

Mtihani wenyewe unafanyika kwenye kompyuta. Maswali ni 125 hadi 145, na ukishajibu swali hurudi nyuma. Kufaulu ni alama 25 katika 50. Ukianguka unasubiri siku 45.

Fildi ya jamii niliifanya kwenye kliniki ya WIC, mpango wa serikali wa chakula kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto mpaka miaka mitano wa kipato cha chini. Unamchoma mtoto kidole kupima damu, unapima urefu na uzito, unaongea na mama. Kazi yetu ile ile, tofauti ni kwamba hapa kiti kina magurudumu. Sasa sikia hii, wewe Mzigua wa Handeni: Columbus kuna Wabantu wa Somalia, na baadhi yao wanaongea Kizigua. Babu zao walichukuliwa pwani yetu wakapelekwa Mto Juba enzi za utumwa. Aliingia bibi mmoja na mjukuu, nikasikia wanaongea, nikasimama. Ungekuwepo wewe ungemaliza kazi yote bila mkalimani.

Na hapo ndipo vitabu vyao vinapopungua. Baba mmoja wa Kikongo anayechujwa damu kwa mashine kwa ajili ya figo alikuwa amepewa karatasi ya vyakula vya kuepuka: viazi, ndizi, maharage, mboga za majani. Akabaki na mkate na kuku. Hakuna aliyemwambia kwamba sembe ina potasiamu na fosforasi kidogo kuliko dona, au kwamba mboga ikikatwakatwa ikachemshwa kwa maji mengi, maji yakamwagwa, potasiamu nyingi inaondoka nayo. Tulikaa naye tukapanga sahani yenye ugali. Uzito wake ulikuwa umeshashuka vibaya.

Sasa kiwanja. Kwa viza ya mwanafunzi unaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo tu, saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Hiyo hela ni ya kula. Ukimaliza kuna ruhusa ya kufanya kazi mwaka mmoja kwenye fani yako, kisha unatafuta mwajiri wa kukudhamini. Kwa hiyo kama lengo lako ni wodi, kuhesabu kalori za mpira na kusimama na madaktari, njoo, lakini njoo kwa programu inayotoa msamaha wa ada kwa wasaidizi wa kufundisha. Zipo, na zinajaa mapema. Kama unachotaka ni cheo tu na kutoka halmashauri, fanya masta hapo SUA, ulale kwako.

Kwenye barua pepe nimeambatanisha orodha ya programu nilizoziangalia mimi. Omba transkripti yako wiki hii, na uombe na maelezo ya kila kozi yenye mhuri, maana wataulizia. Yule mama wa ofisi ya mitihani anapatikana asubuhi kabla ya chai.

Nisalimie wote.

Wako,
Saumu