Barua ya wazi kwa wadadisi wa afya: acheni kupika takwimu

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba. Mnabisha hodi vizuri, mnavua viatu mlangoni, mna adabu. Kinachoniudhi huanza baada ya salamu.

Majuzi walipita kijijini kwetu, huku Muheza, vijana wa utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza. Taasisi yao siitaji. Mmoja wao alimpima presha wifi yangu akiwa amesimama na ufagio mkononi, mkanda umefungwa juu ya sweta, mkono unaning'inia, na muda wote huo wanapiga soga za bei ya machungwa. Mashine ikatoa 178 kwa 104. Kijana akaiingiza kwenye kishikwambi, akasema "asante bibi", akaenda zake. Hakurudia kipimo wala hakumweleza namba ile ina maana gani. Jioni nikawakuta wenzake wawili chini ya mfenesi wa jirani, wanajaza kaya ambazo hawakuzifikia. Mmoja anamuuliza mwenzie, "Huyu tumwekee anavuta au havuti?"

Mimi kazi hiyo nimeifanya, nikawa msimamizi wa wadadisi hadi nilipostaafu, tangu enzi za dodoso la karatasi. Nawaambia bila kuwaficha: kupika takwimu ni wizi. Mnayemwibia ni yule atakayeugua kesho, na hawajui wala hamumjui.

Nianze na presha, maana hapo ndipo mnaponimaliza kabisa.

Mtu hupimwa akiwa amekaa kwenye kiti chenye egemeo, mgongo umeegama, nyayo zote mbili ziko chini, miguu haikupishana. Apumzike kwanza dakika 5, na mzihesabu kweli. Kama ametoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, subirini nusu saa. Kama amebanwa na mkojo, aende kwanza. Mkono uwe mtupu, ulazwe mezani usawa wa moyo. Mkanda uendane na unene wa mkono, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Ninyi mnazunguka kutwa na mkanda mmoja ule ule, kuanzia kwa binti mwembamba hadi kwa mama ntilie wa stendi! Anayepimwa asiongee, na anayepima naye anyamaze. Kisha pimeni mara 3, mkipumzika katikati. Utaratibu wa STEPS wa Shirika la Afya Duniani, ambao wengi wenu mmefundishwa, hukiacha kipimo cha kwanza na kuchukua wastani wa viwili vya mwisho, kwa kuwa cha kwanza mara nyingi huwa juu, mtu akiwa bado na hofu ya mgeni.

Lakini ninyi mnapima mara moja, viwili vilivyobaki mnavitunga: 178, 176, 177. Mnadhani hatuoni? Msimamizi anayeijua kazi akikuta namba zinafuatana kwa upole namna hiyo, au kaya kumi mfululizo zote zina 120 kwa 80, anajua zimetoka kivulini. Enzi zetu msimamizi alirudi kaya moja katika kila kumi bila kumuaga mdadisi, akauliza upya maswali machache. Mdadisi aliyejua mama mkubwa yule anakuja nyuma yake alifika kila nyumba, hata ile ya ng'ambo ya mto.

Kesho yake nilimpeleka wifi yangu zahanati. Akakaa, akapumzika, sweta likavuliwa: 152 kwa 94. Tazameni basi hasara mbili alizopata kwa mkupuo mmoja. Namba iliyokwenda makao makuu ni ya uongo. Na hata ile ya kweli imevuka 140 kwa 90, kwa hiyo alistahili kuambiwa akapimwe tena siku nyingine, na hakuna aliyefungua kinywa. Presha kwa kawaida haimpi mtu dalili. Anapalilia, anacheza ngoma, anabeba ndoo kichwani, mpaka siku anaanguka na kupooza upande mmoja, na familia inaanza kutafuta aliyemroga.

Labda mnajiona ni watu wadogo, kazi kubwa iko kwa maprofesa. Mnajua tulijuaje kwamba kiharusi si maradhi ya Wazungu na matajiri peke yao? Kuanzia mwaka 1992 kulikuwa na mradi uliofuatilia vifo vya watu wazima katika wilaya za Hai na Morogoro Vijijini na baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Wengi walifia nyumbani, hospitali haikuwa na cheti cha kusema wamekufa kwa nini. Basi wadadisi walikwenda kwa wafiwa, wakakaa mkekani, wakauliza marehemu aliugua vipi: alianza na nini, alipooza, alipoteza kauli? Kutokana na mazungumzo hayo ikaonekana kwamba Watanzania walio chini ya miaka 65 walikuwa wakifa kwa kiharusi kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao wa umri huo Uingereza na Wales.

Kule Kilombero na Ulanga, miaka ya 1990 inaelekea mwisho na vyandarua vyenye dawa vinaanza kuuzwa vijijini, wadadisi walirudi kwenye kaya kila baada ya miezi minne wakiuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafa. Hesabu hizo ndizo zilizoonyesha kuwa chandarua kiliongeza uwezekano wa mtoto mdogo kuishi kwa asilimia 27. Mngekuwa ninyi wa mfenesi, watoto wote wangekuwa hai kwenye kishikwambi, wenye chandarua na wasio nacho, na leo tusingekuwa na la kumwambia mtu yeyote.

Ila ninaouheshimu kupita yote ni utafiti ulioitwa FEAST. Hospitali Teule ya hapa Muheza ilishiriki, pamoja na Kilifi kule Kenya na hospitali nne za Uganda, na matokeo yakatoka mwaka 2011. Walikuwa watoto 3,141, homa kali, mikono ya baridi, damu haizunguki vizuri. Vitabu vilisema mtoto wa aina hiyo mmiminieni maji ya dripu kwa haraka. Madaktari waliamini hivyo, na kwa kweli saa ya kwanza waliomiminiwa walionekana kupata nafuu. Wauguzi wakaendelea kuandika: huyu kapewa nini, saa ngapi, kaamkaje, nani kafariki. Hesabu zilipofunguliwa, waliomiminiwa walifariki karibu 11 katika kila 100 ndani ya saa 48. Ambao hawakumiminiwa, wakapewa maji ya kawaida taratibu, walifariki 7. Utafiti ukasimamishwa kabla idadi iliyopangwa haijatimia. (Asije mtu akamnyima maji mtoto anayeharisha kwa sababu ya barua hii. Wa kuharisha hawakuwemo kwenye utafiti ule, na ORS yao wapewe.)

Sasa mfikirieni muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ile. Anaamini dripu inaokoa, kama kila mtu. Anakuta mtoto aliyepewa dripu amefariki alfajiri. Angekuwa na tabia ya mfenesini, angesogeza saa kidogo, angebadilisha neno moja kwenye fomu ili mambo yafanane na vitabu. Hakufanya hivyo. Kwa uaminifu wake sisi tulijua kwamba dawa tuliyoitegemea ilikuwa inaua.

Haya, tuje kwenye majibu. Mnapoingia kwa mtu, anaacha kupukuchua mahindi, anawatolea kiti pekee alicho nacho, anawaeleza mambo ambayo hajamweleza hata mumewe, anawapa na damu ya kidole. Mkiondoka mnamwachia kipande cha sabuni. Sabuni aliyoiomba nani? Mwandikieni kwenye kadi: tarehe, namba, akapime tena lini na wapi. Mueleweshe kwa Kiswahili cha nyumbani, bila kumtisha. Mkikuta 180 kwa 110 au zaidi, msitoke pale hadi mumpigie msimamizi simu na mjue nani anampeleka kituoni, leo, si wiki ijayo. Hili wanangu nawaomba kwa upole kabisa. Mikononi mwenu mna mashine ambayo yule bibi pengine hataiona tena mwaka mzima.

Halafu mnalalamika kwamba vijiji vingine vinawaita mumiani. Wasomi hucheka, mimi sicheki. Chupa za damu zikitoka kijijini ndani ya kisanduku cha barafu, zisirudi na neno lolote, watu watajitungia neno wenyewe.

Najua makosa si yenu peke yenu, kwa hiyo nawageukia wakubwa zenu. Mnawalipa vijana kwa idadi ya madodoso, halafu mnashangaa madodoso yanazaliana. Posho inachelewa hadi kijana anakopa nauli ya bodaboda. Mkanda mkubwa wa mashine hamna fedha ya kununua, ila ya semina hotelini, na maji ya chupa kila kiti, ipo. Ripoti inatoka kwa Kiingereza, kurasa tele, na mtendaji wa kata ambayo takwimu zimetoka hajawahi kuiona hata jalada. Serikali nayo isijifiche nyuma ya mlango. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa karibu mtu 1 kati ya 4 wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na presha ya juu. Namba hiyo imesemwa kwenye kila maadhimisho. Lakini mama akitumwa zahanati akaambiwa dawa zimekwisha, kanunue dukani, akanunua za wiki mbili akaacha kwa kuwa anajisikia mzima, mtafiti ajaye atampima tena na kumweka kwenye takwimu nyingine. Tumekuwa hodari wa kuhesabu wagonjwa kuliko kuwatibu, na hili linanikera hata usiku.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Fomu ya ridhaa isomwe hadi mtu aelewe, na akikataa aachwe kwa amani. Mkwe asiulizwe pombe mbele ya mkwewe. Mnazi na gongo viulizwe kwa majina yake, kwani wapo wasiovihesabu kuwa pombe. Mizani iwekwe sakafu ngumu. Mkiuliza chumvi, ulizeni na ng'onda na papa mkavu, maana Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku na huku pwani chumvi nyingine hutokea kwenye kitoweo. Majibu ya VVU hayazungumzwi juu ya pikipiki.

Na jambo la mwisho ni la kufanya. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Kabla mradi haujafungwa, mwoneni mtendaji, muombe nafasi kwenye ajenda. Dakika 20 zinatosha. Waambieni watu mlichokikuta kwao, kwa Kiswahili, bila kutaja jina la mtu. Njooni na mashine ya presha yenye mikanda ya saizi tofauti, mpime na wazee waliokosa. Wataulizwa maswali makali wakubwa zenu, hasa kuhusu dawa, kwa hiyo njooni nao.

Mama yenu,
msimamizi mstaafu wa wadadisi, Muheza