Mgonjwa wako anashuka kitandani usiku? Anza na choo

Saa nane usiku, mzee mmoja aliyezeekea uvuvini Kibirizi aliamka wodini akaniuliza karabai yake iko wapi. Ni siku za giza, akasema, dagaa wapo, wenzake wanamsubiri. Vyuma vya pembeni ya kitanda vilikuwa vimeinuliwa. Akapitisha mguu mmoja juu yake. Ningekuwa nimesinzia, angeanguka kutoka juu zaidi kuliko kama vyuma visingekuwepo.

Familia nyingi zinazotuita tulale na mgonjwa hospitali hapa Kigoma hutuomba jambo moja: "Mfungeni asishuke." Hatufungi. Aliyechanganyikiwa ukimfunga khanga mkononi anashindana nayo usiku kucha, anazidi kuchanganyikiwa, na ikifunguka anaanguka vibaya. Wala si ukaidi. Kuna kitu anakitaka, ila amesahau kwamba miguu haimbebi tena.

Na kitu chenyewe mara nyingi ni mkojo. Nilipomwambia, "Babu, tukakojoe kwanza, karabai baadaye," alinipa mkono mwenyewe. Aliporudi akalala hadi adhana ya alfajiri. Kwa hiyo sisi tunampeleka mgonjwa kabla hajaomba, hasa anayetumia dawa ya presha inayokojoza. Anakaa kwanza ukingoni, nyayo zimegusa sakafu, dakika moja au mbili, ndipo asimame, maana presha ya wazee hushuka wakiinuka ghafla. Ndala zilizolika kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa ni balaa. Heri raba kuukuu zinazobana kisigino. Na miwani mleteni, jamani. Najua mnaogopa itapotea.

Usahaulifu wa uzeeni huja taratibu, miaka kwa miaka. Lakini mama aliyekuwa anahesabu chenji ya mawese juzi, leo hamjui mwanawe? Huo si uzee. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, au hata vidonge vya mafua vinavyosinzisha kama piritoni. Mwambieni nesi usiku uleule. Wengine hawapigi kelele, wanazubaa tu, na ndugu wanashukuru kwamba mgonjwa ametulia. Huyo naye amechanganyikiwa.

Akianguka, msimnyanyue kwa kumshika makwapa. Muiteni nesi kwanza: nyonga inaweza kuwa imevunjika, na kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kichwa kilichogonga sakafu kinaweza kuvuja damu ndani bila jeraha kuonekana.

Zamu yetu ni saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tunaingia kwa ruhusa ya sista wa wodi, na dawa hatutoi, hiyo ni kazi ya manesi. Kiti cha choo cha kuweka kando ya kitanda tunakodisha kwa siku.

Usiku wa kwanza abaki ndugu mmoja hadi saa nne, ambaye mgonjwa anaijua sauti yake. Atuambie mgonjwa anaitwaje nyumbani, alifanya kazi gani, hulalia upande upi, na huamka kukojoa mara ngapi. Hilo la mwisho watoto huwa hawalijui. Mleteni bibi.