Sura ya tisa isomwe vizuri hapa Goma

Bwana Mhariri,

Tunawaandikia walimu na wazazi wanaowasomea watoto Le Petit Prince, hadithi ya rubani aliyeanguka jangwani akakutana na mtoto, mwana wa mfalme, aliyetoka kwenye sayari ndogo yenye mibuyu, volkano na ua la waridi, na ambaye mbweha alifanya naye urafiki. Kitabu hiki kikiwa cha dikte na sarufi tu, mtoto hatajua kwamba Antoine de Saint-Exupéry aliyaishi mengi aliyoyaandika.

Alizaliwa Lyon mwaka 1900, akawa rubani wa ndege za barua kati ya Toulouse na Dakar. Mwaka 1927 alipewa kusimamia kiwanja cha Cap Juby, ukingoni mwa Sahara. Huko alifuga fenneki, mbweha mdogo wa jangwani. Tazameni masikio marefu ya mbweha kwenye michoro yake, ni ya fenneki kabisa. Na mibuyu imejaa Senegali, mwisho wa njia ile ya barua.

Ajali ya jangwani nayo ilitokea kweli. Tarehe 30 Desemba 1935, akiwania rekodi ya Paris hadi Saigon, ndege yake ilianguka usiku mchangani. Yeye na fundi wake, André Prévot, walikuwa na kahawa na divai isiyofika lita moja, na matunda machache. Walitangatanga siku kadhaa, wakiona maji yasiyokuwepo, mpaka Mbedui akawaokoa. Hapa mwalimu asimame kidogo: kitabuni rubani ana maji ya siku nane. Waulizeni watoto kwa nini ameongezewa. Sisi tunaona kwamba mwenye kiu kali hamsikilizi mtu, na hadithi ilihitaji siku nyingi za mazungumzo kabla ya kufika kisimani.

Lakini sura ambayo Goma haiwezi kuipita mbio ni ya tisa. Mwana wa mfalme ana volkano tatu zinazomfika magotini, mbili zinawaka na moja imezimika, na kabla ya safari anazisafisha zote, hata ile iliyozimika. (Consuelo, mke wa mwandishi, ambaye wengi wanamwona katika lile ua la waridi, alizaliwa El Salvador, nchi ya volkano.) Tunaambiwa kwamba volkano iliyosafishwa vizuri huwaka polepole bila kulipuka, ila sisi wa Dunia tu wadogo mno kuzisafisha zetu.

Mtoto wa Goma aelezwe zaidi ya hapo. Mwaka 1977, na tena 22 Mei 2021, mdomo wa Nyiragongo, volkano ya hapa kwetu, ulikuwa wazi, na ziwa la moto lilikuwa ndani yake. Hata hivyo mlima ulipasuka ubavuni, lava ikatokea huko. Lava yake ina silika kidogo, kwa hiyo ni nyepesi na hukimbia. Tena kuna mazuku, hewa nzito ya kaboni inayolala mabondeni, isiyoonekana wala kunuka.

Utaratibu ni huu: someni sura yote kwanza bila kuikatiza, watoto wafurahie ule usafi wa volkano, ndipo maelezo ya mlima yafuate. Ukianza na Nyiragongo, hadithi inageuka onyo, na mtoto aliyekimbia usiku ule wa 2021 hatasikia tena habari za waridi.

Kosa jingine ni kusema kwamba kitabu kiliandikwa jangwani. Kiliandikwa mwaka 1942 New York na karibu yake, Ufaransa ikiwa mikononi mwa Wajerumani, kikatoka Marekani mwaka 1943. Ndiyo maana ukurasa wa tabaruku kwa Léon Werth, rafiki Myahudi aliyebaki Ufaransa katika njaa na baridi, usirukwe. Mwandishi mwenyewe aliruka kutoka Corsica tarehe 31 Julai 1944 asirudi. Mabaki ya ndege yake, yaliyopatikana baharini karibu na Marseille, yalitambuliwa mwaka 2004.

Sura ziko 27, nyingi fupi. Mbili kwa wiki zinatosha. Tunaomba gazeti lichapishe ramani ndogo ya njia ile ya barua, yaani Toulouse, Casablanca, Cap Juby na Dakar, ili walimu waikate na kuibandika darasani.

Wasomeshaji wa Kifaransa,
Goma